Barua kwa mwanangu: tarakimu moja ya wino wa buluu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na baba yako anakusalimu. Anasema usisahau kumpigia na yeye, si mama peke yake kila siku.

Swali lako la Jumapili usiku sikulijibu vizuri, na nilijua hivyo hata kabla hujakata simu. Uliniuliza hivi: "Mama, kama habari hii ya Yesu ni njema kweli, mbona inaanza kwa kuniamrisha nitubu? Mimi si mwizi, simdhulumu mtu. Halafu huyo Mfalme. Wenye mamlaka nimewaona wa kutosha." Nami nikakurushia mstari mmoja wa Warumi na kukuambia usali. Naandika kwa sababu kwenye simu wewe una haraka ya kubisha na mimi nina haraka ya kushinda, na kwa mwendo huo hatufiki.

Chukua Biblia yako, fungua Marko, sura ya kwanza. Mstari wa 15 unasema: "Wakati umetimia, na ufalme wa Mungu umekaribia, tubuni, na kuiamini Injili." Sasa hesabu vitenzi, kama ulivyokuwa unafundishwa shuleni. Umetimia. Umekaribia. Hivyo viwili ni taarifa. Mtu haambiwi afanye lolote. Tubuni na kuamini vinakuja baadaye. Kwa hiyo, baba, habari hii haianzi kwa amri. Inaanza kwa kutangaza kwamba kuna jambo limekwisha kutokea upande wa Mungu, watu wakiwa bado kwenye nyavu zao na madeni yao. Nadhani umekosea kwa sababu umesikia wahubiri wengi wanaopaza sauti "tubuni!" kama askari anayefukuza watu barabarani, huku ile nusu ya kwanza wameimeza. Ukiitoa taarifa, amri inabaki peke yake, na amri peke yake kweli si habari njema kwa mtu yeyote.

Kuhusu wenye mamlaka, hapo huna kosa. Marko mwenyewe anaanza kwa kusema kwamba Yesu alikwenda Galilaya "baada ya Yohana kutiwa gerezani". Aliyemtia gerezani ni Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, kwa sababu Yohana huyo, Mbatizaji, alimwambia si halali kumchukua Herodia, mke wa ndugu yake. Mwisho wake unaujua: karamu ya siku ya kuzaliwa, binti akacheza, kichwa cha nabii kikaletwa kwenye sinia. Na mtu huyo hata mfalme kamili hakuwa. Roma ilikuwa imempa kutawala sehemu tu ya nchi ya baba yake. Baadaye alikwenda kuomba jina la mfalme, tena kwa kusukumwa na huyohuyo Herodia, na Kaisari akamvua hata kile alichokuwa nacho na kumpeleka uhamishoni, mwaka 39. Wenye mamlaka uliowaona wewe ni ndugu zake.

Yesu alikuwa anahubiri ufalme ndani ya eneo la mtu huyo. Na watu waliposhiba ile mikate aliyowalisha wakataka kumshika kwa nguvu wamfanye mfalme, alijitenga akaenda mlimani peke yake. Yohana 6, mstari wa 15. Jina hilo alikuja kulibeba hadharani siku ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angelitaka: Pilato aliandika anwani juu ya msalaba, kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani, "Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi", wakuu wa makuhani wakalalamika abadilishe, akawajibu, "Niliyoandika nimeyaandika." Huwa nasoma hapo polepole. Aliyemhukumu ndiye aliyemtangaza, kwa lugha tatu, asijue anachofanya. Ukimpima Mfalme huyu kwa kipimo cha bosi wako yule aliyekunyima stahili zako, utakuwa umempima kwa Herode.

Lakini usije ukafika upande wa pili, ukadhani kwa kuwa ni mpole basi hana la kudai. Neno lenyewe la habari njema lilikuwa na harufu ya ikulu kabla ya kuwa na harufu ya kanisa. Katika mji wa kale wa Priene, ulioko katika Uturuki ya leo, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya mwaka 9 KK, yanayosema siku ya kuzaliwa Kaisari Augusto ilikuwa mwanzo wa habari njema kwa ulimwengu. Neno la Kigiriki lililochongwa pale ndilo lilelile lililotufikia sisi kama Injili. Mtu wa zamani zile akisikia habari njema ya namna hiyo hakuiona kama ushauri wa kumpa moyo. Aliuliza: ni nani ameshika nchi, na mimi sasa nisimame upande gani?

Kuna kisa kingine nimekipenda tangu nilipokisoma. Flavius Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi, alitumwa kuongoza Galilaya wakati wa vita dhidi ya Warumi, miaka thelathini na kitu baada ya msalaba. Kulikuwa na mkuu wa majambazi, naye kwa bahati aliitwa Yesu pia, aliyelipwa amshambulie. Josephus akapata habari, akamnasa, akamvuta pembeni, akamwambia anaijua njama yote, ila yuko tayari kumsamehe kama atatubu na kuwa mwaminifu kwake. Yule akakubali, akaachiwa. Tazama maneno aliyotumia: kutubu na kuwa mwaminifu. Ni ukoo uleule wa maneno uliomo katika Marko 1:15. Jambazi yule hakuombwa alie. Hakuombwa ajisikie vibaya. Aliambiwa aache mpango wake na akabidhi uaminifu wake kwa mtu ambaye jana alikuwa adui.

Hata Kiswahili chetu kinasaidia, ukikisikiliza. Kutubu tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ni kurudi. Kuamini kumetoka kwenye shina moja na mwaminifu, na amana. Anayeamini ameweka kitu chake kizito mikononi mwa mwingine.

Nimetaja amana, na sasa siwezi kuendelea bila kukuambia jambo.

Unakumbuka nilipoacha uhazini wa kanisa? Ulikuwa bado shuleni. Uliniuliza kwa nini, nikakujibu kwamba kazi zimezidi. Haikuwa kweli.

Bibi mmoja mzee alikuwa ameniletea mchango wake wa ujenzi tarehe 3, kwenye bahasha aliyoifunga kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kana kwamba inasafiri baharini. Nikaandika kwenye kitabu, kwa wino mweusi: tarehe 3, jina lake, kiasi. Wiki ileile ada yako ilitakiwa na hatukuwa nayo. Nikaifungua bahasha. Nilijiambia ni kuazima, na kweli nilirudisha yote siku 20 baadaye, nikapeleka benki tarehe 23. Kisha nikakaa mezani usiku, nikachukua kalamu iliyokuwa karibu, ya buluu, nikaongeza 2 mbele ya 3. Tarakimu moja. Kitabu kikasema yule bibi alileta mchango wake tarehe 23. Hakuna aliyegundua, na mahesabu ya mwaka yalikaa sawasawa.

Sasa wewe unaniambia si mwizi. Hata mimi sikuwa mwizi. Hakuna hata senti iliyopungua. Na ningeweza kuapa kwamba nimetubu, maana niliomba msamaha kwa Mungu kuhusu ile 2 usiku mwingi sana. Lakini sikiliza nilivyokuwa naomba: "Bwana, nisamehe, na jambo hili libaki kati yangu na wewe." Mwaka mzima na zaidi, sala ileile na sharti lilelile.

Ilikuwa ni Jumamosi jioni, natayarisha somo la vijana, na somo lenyewe ni hiyo Marko 1:15. Nilikuwa naandika pembeni, "Eleza maana ya ufalme." Kalamu ikasimama. Ufalme maana yake kuna mwenye neno la mwisho, nikajiuliza, kwenye kitabu kile mwenye neno la mwisho ni nani? Nilikuwa nimemkubali Yesu kila mahali isipokuwa kwenye mstari mmoja wa safu moja ya kitabu cha mapato. Pale nilitawala mimi. Nilitaka msamaha wake, utawala wake niliuweka nje ya mlango na kuomba asubiri.

Jumatatu nilikwenda kwa mchungaji na wazee, nikawafungulia ukurasa. Mzee mmoja alikiinua kitabu kwenye mwanga wa dirisha ili aone tofauti ya wino. Waliniondoa uhazini, na walikuwa na haki. Mambo yaliyofuata sitaki kuyarefusha. Kuna wanawake walioacha kunisalimia kwa miezi. Yule bibi sikuwahi kumwambia. Alikuwa amefariki kabla sijapata ujasiri, na hilo hadi leo sijui nifanye nalo nini, zaidi ya kumkabidhi Yeye aliyemchukua.

Sisemi kila kosa litangazwe hadharani. Wapo wanaotubu mbele ya watu kwa kupenda kusikilizwa, na wapo wanaomwaga siri zao na kuwaumiza wasiohusika. Nasema tu kwamba la kwangu lilihusu mali ya watu na imani ya watu, basi njia ya kurudi ilipitia kwa watu.

Kilichonishtua zaidi ni Yuda. Ukisoma Mathayo 27 utaona alirudisha fedha, vipande vyote thelathini. Na alikiri kwa kinywa chake kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Biblia yetu inasema "alijuta", na kwa Kigiriki pia neno lililopo hapo si lile la "tubuni". Alipeleka majuto yake kwa makuhani, wakamjibu, "Basi, haya yatupasa nini sisi?" Hakurudi kwa Yule aliyemsaliti. Nami pia nilikuwa nimerudisha fedha.

Mweke karibu na yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Huyu hakuwa na cha kurudisha, wala mkono wa kurudishia, maana mikono yote ilikuwa imeshikwa. Anamwambia mwenzake, sisi tunapokea malipo tuliyostahili, bali huyu Yesu hakutenda lolote lisilofaa. Hiyo ni toba, bila pambo. Halafu anageuka: "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Ufalme gani, baba? Anayemwambia hivyo amevuliwa nguo, anatukanwa, saa chache zimebaki afe. Wanafunzi waliokula naye miaka hiyo yote wametawanyika, na jambazi anayekata roho ndiye anayemwona mfalme. Sijui aliona nini. Lakini hakusubiri awe mtu mzuri kwanza ndipo aseme. Na hakusema apewe pepo na kuachwa na njia zake.

Kwa hiyo ukiniuliza utubu nini wakati humdhulumu mtu, mimi sina orodha. Mama yako si mkaguzi wako. Nakuuliza kitu kimoja tu, na usinijibu kwenye simu: ni wapi katika maisha yako ambapo ukimsikia Yesu anakaribia unasema, "Hapa bado kidogo"? Pengine ni fedha. Pengine ni hasira uliyonayo na yule bosi, ambayo sababu yake naijua na sikulaumu kuwa nayo. Pengine ni hiyo hali ya kujiona uko sawa, ambayo mimi niliikalia mwaka mzima, mahesabu yakiwa safi.

Na nisamehe kwa lile jibu la kazi kuzidi. Ulikuwa mtoto, uliuliza kwa nia njema, na ada iliyolipwa ilikuwa yako, niliogopa ungeibeba. Baba yako alijua tangu ile Jumatatu. Alitaka nikwambie zamani, nikawa nasema utakapokua, nawe umekua muda mrefu uliopita.

Jumapili sitakupigia mimi. Ukiwa tayari, piga, hata iwe usiku.

Ni mimi mama yako.