Jibu: Mchoro wa Kifaransa wa miti bustanini, rangi za maji au chapa?

Ndugu, umeuliza kama mchoro wako ni wa rangi za maji kweli au ni chapa, yaani nakala iliyochapishwa kwa mashine, na kama uyafute yale madoa ya kahawia. Anza na lenzi ya kukuzia. Chapa nyingi za kiwandani huonyesha vinukta vilivyojipanga. Rangi ya maji huonyesha chembe zilizotuama kwenye vishimo vya karatasi, na ukingo mzito pale maji yalipokaukia. Yatazame sana majani. Wachoraji wengi waliacha karatasi tupu ndiyo iwe mwanga. Mchoraji Mfaransa Cézanne alifanya hivyo alipochora miti ya Jas de Bouffan, shamba la familia yake pale Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, na kwangu hakuna njia nzuri zaidi ya kuonyesha jua likipenya matawini. Kisha inua karatasi dirishani utafute alama ya kiwanda cha karatasi ndani yake, kama Arches au Canson. Itakuambia karatasi imetoka wapi, siyo nani aliyechora.

Madoa usiyaguse, tafadhali! Maji kidogo tu yataondoa na rangi. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Kadibodi kuukuu ya nyuma, kama haijagundishwa, itoe. Asidi yake huichoma karatasi. Na usiutundike penye jua.