Kichwa cha treni cha mwaka 1950 na kazi yake kwenye ghala la nafaka

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini ghala kubwa la nafaka lisinunue kichwa kipya cha treni, na kwa nini kile cha zamani ulichokiona kinaachwa kinanguruma usiku kucha kwenye baridi bila dreva. Mimi nimekaa na kimoja cha namna hiyo miaka sita hapa Iowa, jimbo la Marekani, kwenye mahindi na soya, basi nikujibu kwa niliyoyaona.

Chetu ni SW1 ya EMD, kampuni ya Marekani ya vichwa vya treni, cha mwaka 1950. Aina hiyo ilitengenezwa kuanzia 1938 hadi 1953 kwa kazi ya kupanga mabehewa. Nguvu yake ni farasi 600. Siku hizi hata malori yapo ya nguvu hiyo, ndiyo maana watu hukidharau. Lakini kina uzito wa karibu tani 90, na uzito wote umelalia magurudumu manane ambayo yote yanavuta. Dizeli haizungushi gurudumu moja kwa moja. Inazungusha jenereta, na umeme unakwenda kwenye mota nne, kila ekseli na yake. Behewa letu likijaa mahindi linafika tani 130, na kinayasogeza kadhaa kwa pamoja, taratibu, hadi mdomo wa behewa ukae sawasawa chini ya bomba la nafaka. Mwendo ni wa mtu anayetembea. Ufundi wenyewe uko kwenye kusimama: ukipitiliza nusu mita tu, mahindi yanamwagika relini.

Sasa kwa kazi ya polepole hivyo, kichwa kipya cha nini? Vipuri vya hiki bado vinapatikana, na mafundi wanaokijua wapo.

Kuhusu kunguruma usiku: injini yake haitiwi dawa ya kuzuia maji yasigande. Inapozwa kwa maji matupu yenye dawa ya kutu. Mipira inayozuia maji yanayozunguka silinda yasivuje huchoka kwa umri, na dawa ya kuzuia kuganda ikivujia kwenye oili inaharibu beringi. Kwa hiyo baridi ikishuka chini ya sifuri una njia mbili, uiache inawaka au umwage maji yote. Hapa Januari inafika hasi 20, nasi tunaiacha inawaka.

Kuna Januari moja tulilazimika kuizima siku mbili, tukamwaga maji, tubadilishe betri. Kuiwasha tena, maji yamesharudishwa, kulitukuta na mabehewa tisa yanasubiri na simu zinaita. Kijana niliyekuwa naye akataka abonyeze swichi moja kwa moja. Nikamkatalia. Kila silinda ina koki yake ya kujaribia. Tukazifungua zote sita, tukaizungusha injini kwa mtaimbo. Koki ya silinda ya nne ikatema maji.

Tungewasha hivyohivyo, maji hayabanwi, pistoni ingeyakuta juu na konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, ingepinda. Pengine hata bloku ingepasuka, na hapo ndipo kichwa cha miaka 70 kinapopelekwa kwenye chuma chakavu. Nilitetemeka, na si kwa baridi.

Uzuri ni kwamba injini hii inaruhusu kuchomoa silinda moja kwa juu, na pistoni na konrodi yake, bila kuishusha injini yenyewe. Mafundi walikuja na winchi, wakatoa ile mbovu, wakaweka nyingine. Mzee wangu alifanya kazi reli ya Tabora, pale njia zinapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza. Nilimpigia simu ya video usiku ule aione. Alikaa kimya muda mrefu anaangalia, halafu akaniomba nisogeze simu karibu na injini aisikie.

Kesho yake mchana yale mabehewa tisa yalikuwa yamejaa. Na yule kijana, tangu siku hiyo, nikifika asubuhi ambayo injini imelala namkuta spana iko mkononi na koki zote sita ziko wazi.