Mapumziko ya Ziwani Katikati ya Jangwa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kaka yangu anayeishi Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, ametualika pamoja na watoto wetu wenye miaka 8 na 11. Anataka tulale kwenye hema siku tatu mwezi wa Agosti katika hifadhi ya Lake Havasu State Park. Sisi tumekulia kando ya Nyanza na watoto wanaogelea vizuri. Je, kuna la kuhofia?
Msomaji, Jinja

JIBU: Dada yetu, huko kuizoea Nyanza ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa maana mtu aliyekulia ziwani huamini kwamba maziwa yote yana tabia moja. Nyanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua haiipi kisogo kwa muda mrefu. Havasu iko chini ya mita 150, katikati ya jangwa, na ziwa lenyewe limetokana na bwawa la Parker, lililokamilika mwaka 1938 na kuuzuia Mto Colorado. Mwezi wa Agosti joto la mchana huko huzidi nyuzi 40, na mwezi Juni 1994 mji wa Lake Havasu City ulifikia nyuzi 53.

Joto lenyewe si baya kama ukavu wake. Hapa Jinja shati lililolowa jasho humwambia mtu apumzike, lakini jangwani jasho hukauka kabla hujaliona, na mtoto anayecheza majini anaweza kuishiwa maji mwilini huku akijiona mzima. Wapeni watoto maji kila mara bila kungoja waseme wana kiu. Akilalamika kichwa au kichefuchefu, apelekwe kivulini na kumwagiwa maji. Akianza kuweweseka, pigeni simu 911 papo hapo, kwani hicho ni kiharusi cha joto.

Kulala hemani Agosti sikushauri hata kidogo, kwa sababu usiku nao huwa na joto kali. Kama safari inaweza kusogezwa, chagueni likizo ya Mei, hasa siku zake za mwanzo. Likizo ya Desemba hewa ni nzuri kwa kambi na matembezi, ila maji ni baridi mno kwa watoto.

Kuhusu maji, kichocho tunachokiogopa hapa hakiambukizwi huko. Ipo hata hivyo amiba adimu sana inayopenda maji ya vuguvugu na kuingilia puani, ambayo ilimuua kijana mmoja aliyeogelea Havasu mwaka 2007. Watoto wazibe pua wanaporuka majini. Katika boti inayokwenda, sheria ya Arizona humtaka kila mtoto mwenye miaka 12 au chini kuvaa jaketi okozi, awe anajua kuogelea au hajui.

Msisahau kulitazama daraja lililokuwa London, ambalo tajiri mmoja alilinunua mwaka 1968 na kulijenga upya hapo jangwani. Tajiri akiamua, hata daraja husafiri. Nendeni asubuhi mapema, na watoto wasivue viatu, kwani mchanga wa adhuhuri huunguza nyayo.