Re: Mayotte ni Ufaransa, mbona vitu bei juu hivyo?

Mkuu umeuliza kwa nini Mayotte, kile kisiwa cha Bahari ya Hindi jirani na Komoro, vitu viko juu wakati ni mkoa wa Ufaransa na wanatumia yuro. Iko hivi, kuwa mkoa tangu 2011 hakujakisogeza kisiwa karibu na Ufaransa hata kilomita moja, mzigo mwingi bado unatoka Ulaya karibu kilomita 8,000 unashushwa bandari ya Longoni, halafu kuna ushuru unaitwa octroi de mer, unatozwa bidhaa inayoingia kisiwani hata kama imetoka Ufaransa yenyewe, yaani nchi moja lakini forodha ipo! VAT hawalipi, ila huo ushuru ndo unalipa bajeti ya mkoa na manispaa, kwa hiyo kuufuta si rahisi kama watu wanavyodhani.

Na wao wanauza nini? Kidogo sana. Zamani ilikuwa ilang'ilang'i (maua ya kutengenezea manukato) na vanila, sasa hivi meli zinakuja zimejaa zinarudi na makontena matupu, na hiyo gharama anaibeba mnunuzi.

2011 hiyohiyo watu waligoma wiki kadhaa kwa sababu ya maisha kupanda, na moja ya bei walizokuwa wanazipigania ni ya mabawa ya kuku, na wenyewe wanayaita mabawa hivyohivyo kama sisi. Kuku aliyegandishwa kutoka mbali! Wakati Anjouan, kisiwa cha Komoro, iko pale kilomita 70 tu, ina ndizi na mihogo, ila tangu Komoro zijitenge 1975 na Mayotte ibaki kwa Mfaransa, biashara ya majirani imebanwa na mpaka. Hapo ndo panaponiuma mimi.