Moshi wa Nyuma ya Nyumba: Maswali Yenu na Majibu

SWALI: Hujambo Mhariri. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Nyalenda, Kisumu. Jirani yangu huchoma taka kila jioni nyuma ya nyumba, na moshi huingia kwangu ukanuka hadi kwenye mapazia. Kitinda mimba wangu ana pumu na wiki hizi amekuwa akiamka usiku akikohoa. Nilipomweleza jirani, alinijibu kwa upole kwamba moto wake ni mdogo, kwamba moshi unafukuza mbu, na kwamba hata mimi huwashia jiko kwa karatasi za nailoni. Hilo la mwisho ni kweli. Je, moto mdogo una madhara gani hasa, nasi tufanye nini ilhali gari la taka halifiki kwetu? (Mama wa Nyalenda)

JIBU: Pole sana mama kwa kukesha na mtoto. Nianze na hilo neno “mdogo”, kwa kuwa ndilo linalowadanganya wengi. Moto wa taka huwa na sumu nyingi kwa sababu hauna joto la kutosha. Tanuri la kitaalamu la kuteketezea taka hutakiwa kufikia nyuzi 850 za selsiasi au zaidi, na moshi wake huchujwa kabla ya kutoka. Lakini rundo la nyuma ya nyumba, lenye maganda ya ndizi, masimbi ya chai na ukoko wa ugali uliolowa, haliwaki sawasawa, hufuka tu kwa muda mrefu. Katika moto wa namna hiyo, plastiki yenye klorini, kama vile vipande vya mabomba na nyaya za umeme, huzaa sumu ziitwazo dioksini na furani. Dioksini iliyo kali kuliko zote iliorodheshwa na wataalamu wa kimataifa wa saratani mwaka 1997 miongoni mwa vitu vinavyosababisha ugonjwa huo kwa binadamu.

Kinachomwamsha mwanao usiku, hata hivyo, ni chembechembe za moshi wenyewe. Zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele, hupita puani na kooni bila kuzuiwa, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wake kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mtoto hupumua upesi kuliko mtu mzima na njia zake za hewa ni nyembamba, na akiwa na pumu njia hizo hujibana zaidi zikiguswa na moshi. Tena saa anayoichagua jirani yako ndiyo mbaya: mchana upepo wa ziwani huutawanya moshi, lakini jioni hewa hutulia na kupoa karibu na ardhi, moshi ukalala kwenye kimo cha madirisha.

Kuhusu mbu, wale wanaoeneza malaria huuma zaidi usiku wa manane, wakati moto umekwisha kufifia. Chandarua chenye dawa kinamlinda mtoto bila kumtesa kifua. Na nailoni ya kuwashia jiko uiache leo hii, mama, kwa sababu unapoinama kupuliza makaa uso wako uko karibu na sumu kuliko ulivyo karibu na moto wa jirani. Magunzi makavu na vijiti vinatosha.

Sasa tufanye nini? Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni vitu vya kuoza, na hivyo ndivyo vinavyonuka na kuleta nzi hadi watu wakaona heri kuchoma. Vikitengwa tangu jikoni na kuvundikwa shimoni kwa kufunikwa udongo kidogo kila siku, vinavyobaki ni vikavu, havinuki, na vinaweza kungoja wiki nzima ndani ya gunia. Chupa za plastiki na vyuma vina wanunuzi wa kilo. Nepi ndizo ngumu, nami sitakuficha: zifungwe vizuri na kupewa vijana wa mkokoteni, ambao hupita hata vichochoro ambavyo lori haliingii, na malipo yao unaweza kugawana na huyo huyo jirani. Nenda kwake asubuhi moto ukiwa haujawashwa, umpeleke mtoto, umwonyeshe inhela yake. Mtu aliyekujibu kwa upole atakusikiliza.

Lakini mzigo huu si wa akina mama peke yao. Katiba ya mwaka 2010 inaikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka, na kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Andikeni barua moja ya majirani wengi, muipeleke kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yenu na nakala kwa mwakilishi wenu.

SWALI: Nyanya yangu alikuwa akimwaga majivu kwenye sukuma wiki, nami naendeleza desturi hiyo kwa majivu ya taka. Kuku nao hukwaruza humo. Kuna ubaya? (Mkulima, Kiamunyi, Nakuru)

JIBU: Upo, ndugu yangu. Majivu ya nyanya yako yalikuwa ya kuni. Yako yana betri, vibao vya rangi na vifuniko vya chupa. Metali zenye sumu, kama madini ya risasi na kadimi, haziungui, hubaki majivuni, na mboga za majani hufyonza kadimi kutoka udongoni. Kuku naye hudonoa udongo pamoja na chakula, dioksini ikakaa katika mafuta yake na kiini cha yai. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa yakakutwa na dioksini kupita kiwango kinachoruhusiwa Ulaya. Zungushia ua mahali hapo pa kuchomea ili kuku wasifike, bustani uihamishie udongo mwingine, na majivu ya jikoni, ya kuni tupu, uendelee kuyatumia.