Wauaji wako hawahitaji Sheng

SWALI: Mhariri, ninaandika riwaya ya Kingston, Jamaika, kuanzia jaribio la kumuua Bob Marley mwaka 1976 hadi uchaguzi wa 1980. Wahusika wanaozungumza ni 38, na tisa kati yao wanasimulia. Niliowapa muswada wanasema wote wanasikika kama mtu mmoja. Mshauri wa uandishi niliyemlipa alinielekeza vijana wa magenge niwape Sheng, wanasiasa Kiswahili sanifu, Marasta waseme "mimi na mimi", halafu nimjazie kila mhusika fomu ya maswali mia moja. Nimefanya yote hayo na bado wasomaji wanapotea. Muswada nimeuambatisha. Je, orodha ya wahusika mwanzoni itasaidia? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu yangu, orodha weka. Ukurasa mmoja, jina na kazi ya mtu, basi. Itamsaidia msomaji kukumbuka nani ni nani, ila haitamsaidia kusikia nani anasema, na ugonjwa wako uko hapo.

Tuanze na hiyo Sheng, maana sasa kila muswada wenye bunduki ndani unakuja umepakwa Sheng kama rangi ya matatu. Sheng ina kwao, nako ni mitaani Nairobi. Kijana wa Kingston Magharibi akisema "karao" (polisi) au "mbogi" (kundi la vijana), msomaji wako wa Nakuru haendi Jamaika. Anashuka Eastlands ya Nairobi, tena Eastlands ya juzi, kwa sababu "mbogi" haikuwapo vinywani mwa watu mwaka 1976. Umemfukuza msomaji kwenye kitabu kwa neno moja. Kosa la aina hiyo hiyo ni kumwita kiongozi wa mtaa "don" katika sura za 1976, ilhali neno hilo lilishika zaidi miaka ya 80. Muite mkubwa wa mtaa, inatosha.

Sauti ya mhusika haikai kwenye msamiati. Inakaa kwenye kitenzi, na kwenye kile ambacho mtu huyo hataki kukitaja. Kiswahili kimekupa vifaa ambavyo mshauri wako hakuvigusa kabisa. Angalia: "wamelivunja geti", "geti limevunjwa", "geti limevunjika". Geti ni lile lile. Wa kwanza anajua waliofanya na yuko tayari kusema. Wa pili anajua kuna mtu aliyefanya, ila anamficha. Wa tatu anataka uamini geti lilijivunja lenyewe. Hao tayari ni wahusika watatu, na hujatumia neno hata moja la mtaani.

Chukua jioni ya Desemba 3, 1976, nyumbani kwa Marley, namba 56 barabara ya Hope. Kijana wa miaka 17 anayesubiri ndani ya gari: "Tumeambiwa geti litakuwa wazi. Liko wazi. Risasi nimehesabu mara mbili. Tukirudi, mama atapata ile nyumba." Sentensi fupi, anahesabu, na aliyesema "geti litakuwa wazi" hamtaji. Mwanamke aliye jikoni: "Mazoezi yalikuwa yamesimama, nikajua kwa sababu besi ilinyamaza, nikasikia sahani, nikasema sasa watakuja kula, nikageuka." Huyu anafuatisha -ka-, -ka-, kila jambo linazaa jingine, na anajua saa kwa sauti ya vyombo. Katibu wa chama, asubuhi yake: "Imesikitisha. Maelekezo ya namna hiyo hayajawahi kutolewa, na hatua zitachukuliwa." Hapo tafuta mtendaji, humpati. Ukiondoa majina juu ya aya hizo tatu, hakuna atakayezichanganya.

Ili uweze kuandika hivyo lazima ujue kila mtu anajua nini, na hapa ndipo waandishi wengi wa magenge wanapolala usingizi. Wanamfanya muuaji kuwa mtu mbaya mwenye kovu. Kingston ya miaka ile haikuendeshwa na makovu, iliendeshwa na nyumba, ajira na kura. Mtaa wa mabanda wa Back-O-Wall ulibomolewa miaka ya 60 na juu yake ukasimama mtaa mpya wa Tivoli Gardens, ndani ya jimbo la Edward Seaga wa chama cha JLP (Jamaica Labour Party), na nyumba zikaenda kwa wafuasi wa chama. Upande wa chama pinzani, PNP (People's National Party) ya Michael Manley, aliyekuwa waziri mkuu mwaka 1976, nao ulikuwa na mitaa yake. Anayeishi humo akipiga kura vibaya anapoteza paa. Kijana wako basi hahitaji itikadi wala ukatili wa kuzaliwa, anahitaji kuogopa kufukuzwa. Anamjua mkubwa wa mtaa. Mkubwa anamjua mtu wa mbunge. Mbunge hamjui kijana wala hataki kumjua. Kila mmoja anaona ngazi moja tu juu yake. Kwenye sura yako ya nne kijana anaeleza mpango mzima wa uchaguzi kwa aya tatu. Ameujulia wapi? Huyo ni wewe umejificha nyuma yake, na ndiyo maana wanasema sauti ni moja.

Mambo madogo yafanye kazi kubwa. Vidole viwili juu ni JLP, ngumi ni PNP. Mhusika anayeweka mikono mfukoni akivuka barabara ameshatuambia anaishi wapi na anaogopa nini. Tarehe pia usizirushe kama mapambo. Tamasha la Marley lilikuwa Desemba 5, uchaguzi Desemba 15, na Manley aliutangaza baada ya tamasha kupangwa, ndipo muziki ambao haukuwa wa chama ukaonekana wa chama. Hofu yote ya sura hiyo iko kwenye siku hizo kumi. Wewe umeimaliza kwa mstari mmoja ukakimbilia milio ya risasi.

Kwa Marasta, "mimi na mimi" ni tafsiri ya maneno yao "I and I" bila maana yake. Mpe huyo mhusika "tu-" mahali ambapo mtu mmoja angesema "ni-": "tumekula", "tunakwenda", naye yuko peke yake. Usieleze. Ukurasa wa pili msomaji ameshaelewa kwamba kwa mtu huyu nafsi haihesabiwi moja. Babeli na Sayuni unazo tayari kwenye Zaburi ya 137, na msomaji wako anazijua tangu utotoni. Marley mwenyewe mpe kazi, usimpe hekima: mazoezi, mishahara ya bendi, foleni ya wenye shida wanaongoja pesa getini. Nabii anayeongea kwa mashairi yake kutwa nzima hachoshi wahusika wenzake tu.

Hesabu sasa. Wasimulizi tisa kwa muswada wa maneno 120,000 ni wengi. Baki na watano au sita, na asipotee hata mmoja kwa zaidi ya maneno 15,000, la sivyo akirudi ni mgeni. Una Delroy, Desmond, Denton na Dennis, wote wabeba bunduki, wote upande mmoja. Waunganishe wawe wawili, na mmoja aanze na herufi nyingine. Mkubwa wa mtaa usimuue mapema: Claude Massop wa JLP na Bucky Marshall wa PNP ndio waliopatana Januari 1978, na Aprili 22 mwaka huo Marley akawashikanisha mikono Manley na Seaga jukwaani. Massop aliuawa na polisi mwaka uliofuata, na kampeni za 1980 zikaua watu zaidi ya 800. Msomaji atauona uzito wa amani hiyo kuvunjika ikiwa tu anawajua waliopatana.

Ile fomu ya maswali mia ndiyo inayonitoa jasho. Rangi anayoipenda, nyota yake, chakula cha utotoni. Kila mwezi naletewa faili za wahusika zenye kurasa nyingi kuliko riwaya, na ndani ya riwaya mtu huyo hafanyi lolote ambalo mwenzake asingefanya. Wanaoziuza wanajua zinauzika kwa sababu kujaza ni rahisi kuliko kuandika. Kuna na hawa wapya wanaouza programu ya kugeuza mazungumzo kuwa "lugha ya mtaa" kwa kubofya mara moja: mtaa upi, wa mwaka gani, hawakuambii. Ukilipishwa tena kwa kitu kama hicho, mwombe anayekuuzia akuandikie nusu ukurasa wa katibu wa chama anayekana, kisha uone.

Wewe maswali yako ni matatu tu: anamtegemea nani kwa paa na chakula, anajua nini ambacho mwenzake hajui, na jina gani hatalitamka. Jibu kwa sentensi moja moja. Kisha futa Sheng yote, chagua aya kumi za wasimulizi tofauti, ondoa majina, mpe mtu aliyesoma sura za mwanzo akutajie wasemaji. Akipata nane, endelea na sura ya tano. Akipata chini ya hapo, rudi kwenye vitenzi.