Nairobi hadi New York: piga hesabu ya saa kabla ya kukata tiketi

Msimu wa mahafali ukikaribia, simu za jamaa wanaokuja huku Marekani haziishi. "Tiketi inasema naondoka saa tano usiku, nafika saa moja asubuhi. Kumbe ni saa nane tu?" Hapana, shangazi. Ni kama saa kumi na tano, tena hapo ni ndege ya moja kwa moja.

Saa zote zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa nane miezi ya baridi, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Kwa hiyo ukija, ongeza saba (nane miezi ya baridi), ukirudi, toa. Tuseme tofauti ni saba: ukitoka huku saa saba mchana ukatua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, saa nne asubuhi ya kesho yake, hizo saa 21 unazoziona ni 14 tu. Kurudi huwa kwepesi kidogo kwa kuwa upepo mkali wa juu angani huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Wakati wa kuja, rubani anapambana nao.

Umbali ni kama kilomita 11,800. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Vuta uzi juu ya tufe uone: njia fupi inapanda kaskazini-magharibi juu ya Sahara, ndipo ivuke Atlantiki.

Kenya Airways walianza safari hiyo ya moja kwa moja Oktoba 2018. Si kila mtu ataimudu, na kupitia Doha mara nyingi ni nafuu, ila unaongeza zaidi ya kilomita 2,000 na saa za kusubiri. Kwa kijana, sawa. Kwa mzee anayesafiri peke yake mara ya kwanza, mimi ningechangisha familia nzima akapanda ndege moja tu.

Kama bado ana safari ya kwenda Ohio au Texas, usimwachie saa moja na nusu ya kubadilisha ndege. Foleni ya uhamiaji haina huruma, na mizigo huchukuliwa na kukabidhiwa upya pale pale anapoingilia Marekani, hata kama tiketi ni moja. Angalia pia jina la uwanja: JFK, LaGuardia na Newark ni viwanja vitatu tofauti, na kutoka kimoja hadi kingine unapanda gari kwenye foleni ya magari ya New York.

Halafu tarehe. Tiketi ikisema 00:40 tarehe 12 Juni, mtu awe JKIA jioni ya tarehe 11. Akienda jioni ya tarehe 12, ndege yake imeshatua New York.